Glakoma Huchukua Muda Gani Kuondoa Nuru ya Macho? Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Maradhi ya glakoma, ambayo wananchi wengi huyaita presha ya macho, ni miongoni mwa maradhi yanayopofua watu wengi duniani, na hutanguliwa na mtoto wa jicho peke yake. Hata hivyo, baina ya maradhi hayo mawili ipo tofauti kubwa ambayo kila mwananchi anapaswa kuifahamu. Mwenye mtoto wa jicho hupasuliwa na kuona tena. Aliyepoteza nuru kwa glakoma hairudishiwi, si kwa dawa, si kwa miwani, wala si kwa upasuaji. Kinachoweza kufanywa na daktari ni kukilinda kile kilichobaki.

Kutokana na hali hiyo, swali linaloulizwa mara nyingi na wagonjwa na jamaa zao ni hili: maradhi haya yakishaingia, yanachukua muda gani mpaka mtu asione? Jawabu lake si moja. Wapo wanaoishi nayo miaka 30 na kufariki wakiwa bado wanasoma. Wapo wanaopofuka jicho moja kabla ya kutimia miaka mitano. Na lipo jicho ambalo huharibika kwa siku chache tu. Makala haya yanaeleza sababu za tofauti hizo, na kwa nini mgonjwa mwenyewe hawezi kuujua mwendo wa maradhi yake bila ya kupimwa.

KWA NINI NJOMBE NA MAKAMBAKO

Mfano utakaotumika katika maelezo haya ni wa njia ya Makambako na Njombe, katika nyanda za juu kusini mwa Tanzania Bara. Sehemu hizo hazikuchaguliwa kwa sababu glakoma ni maradhi ya huko. Maradhi haya yapo Unguja na Pemba kama yalivyo Bara. Zimechaguliwa kwa sababu mbili.

Kwanza, Makambako ni njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Tunduma hupita hapo, na hapo ndipo inapochepuka barabara ya Njombe na Songea. Reli ya TAZARA nayo hupita mjini humo. Mbatata, mbao, chai na maparachichi ya Njombe hushuka kwa njia hiyo kuja pwani. Kwa hiyo ni mji wa madereva, wafanyabiashara na wasafiri, watu ambao macho yao ndiyo mtaji wao, na ambao ni shida kuwapata mahali pamoja siku ya kliniki.

Pili, masafa ni makubwa. Kutoka Makambako hadi mjini Njombe ni kiasi cha kilomita 60, hadi Mbeya, yenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda, ni zaidi ya kilomita 150, na hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 600. Glakoma ni maradhi yanayodai mgonjwa arudi hospitali mara kwa mara kwa umri wake wote, hali ya kuwa hasikii maumivu yoyote. Pale ambapo safari ni ndefu na maumivu hayapo, ni rahisi mtu kusema ataenda mwezi ujao. Hali hiyo inamhusu pia mtumishi wa Serikali anayeishi Micheweni au Makunduchi, na Mzanzibari aliyehamia Bara kwa biashara.

MARADHI YENYEWE NI YAPI

Ndani ya jicho mna maji safi yanayotengenezwa saa zote na kutoka saa zote. Maji haya si machozi. Hutoka kupitia kichujio chembamba kilichopo pembeni, mahali ambapo kioo cha mbele cha jicho hukutana na duara la rangi linaloizunguka mboni. Kichujio hicho kikizibika au njia yake ikibana, maji hujaa na nguvu ya ndani ya jicho hupanda. Kwa watu wengi nguvu hiyo huwa baina ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Nyuma ya jicho umo mshipa wa fahamu unaopeleka picha kwenye ubongo. Mshipa huo umefanywa kwa nyuzi zaidi ya milioni 1. Nguvu ya ndani inapouelemea, nyuzi hizo hufa kidogo kidogo, na uzi uliokufa hauoti tena. Huo ndio upotevu wa glakoma.

Inafaa yaondolewe makosa matatu yanayosikika mara kwa mara. La kwanza ni kudhani kwamba presha ya macho na presha ya damu ni kitu kimoja. Sivyo. Mtu anaweza kuwa na moja bila ya nyengine, na dawa ya moja si dawa ya nyengine. La pili ni kuchanganya glakoma na trakoma kwa kuwa majina yanafanana. Trakoma ni maradhi ya kuambukiza ya kope, glakoma haiambukizi. La tatu, na ndilo lenye madhara zaidi, ni kudhani kwamba kila mzee anayepungua kuona ana mtoto wa jicho, hivyo akaambiwa na jamaa asubiri mpaka uive. Ikiwa ni mtoto wa jicho kweli, kusubiri humchelewesha tu. Ikiwa ni glakoma, kila mwezi wa kusubiri unachukua sehemu isiyorudi.

Aidha, ifahamike kwamba wapo wenye glakoma ambao nguvu ya ndani ya jicho ni ya kawaida, na wapo ambao nguvu imepanda na mshipa ukabaki salama kwa miaka mingi. Kwa hiyo kupima nguvu ya jicho peke yake hakutoshi. Lazima daktari auangalie na mshipa wenyewe nyuma ya jicho.

MWENDO WA GHAFLA

Ipo aina ya glakoma ambayo njia ya maji hufungika kwa ghafla. Jicho huwa jekundu na kuuma sana, kichwa hugonga upande huo, mtu hutapika, huona ukungu, na taa huziona zimezungukwa na duara za rangi. Kwa kuwa mgonjwa anatapika na kuumwa na kichwa, mara nyingine hudhaniwa ana malaria au maradhi ya tumbo, akatibiwa hayo. Huu ni mwendo wa saa na siku, na haupimwi kwa miaka. Mwenye dalili hizo afikishwe hospitali siku ile ile, hata kama ni usiku.

Watoto wachanga nao huweza kuzaliwa na glakoma. Dalili zake ni jicho kuwa kubwa kupita kiasi, kutoka machozi kila mara, kuogopa mwangaza na weusi wa jicho kuwa na ukungu. Baadhi ya wazee hulifurahia jicho kubwa la mtoto wakaliona ni uzuri. Mtoto wa namna hiyo anahitaji kuonwa na daktari wa macho bila ya kuchelewa.

Wapo pia wanaojiletea maradhi haya bila kujua. Dawa za matone zenye steroidi hutuliza haraka macho yanayowasha, na baadhi ya watu huzinunua dukani na kuzitumia miezi na miaka bila ya cheti cha daktari. Kwa baadhi yao dawa hizo hupandisha nguvu ya jicho na kuua mshipa, hata kwa vijana wa skuli.

MWENDO WA POLEPOLE

Aina iliyo nyingi zaidi katika Afrika ni ile ambayo njia ya maji iko wazi lakini kichujio hakifanyi kazi ipasavyo. Hii ndiyo isiyouma. Mwendo wake hupimwa kwa mashine ya kupimia uwanja wa kuona, yaani eneo lote ambalo jicho huliona likiwa limetulia kutazama mbele. Mgonjwa hukaa mbele ya bakuli jeupe, hutazama nukta ya katikati, na hubonyeza kitufe kila aonapo kimwanga pembeni. Matokeo huandikwa kwa desibeli. Mwenye jicho zima hupata 0 au karibu yake. Upungufu wa desibeli 12 huhesabiwa kuwa hasara kubwa, na upungufu wa kiasi cha desibeli 22 huliweka jicho karibu na upofu.

Uchunguzi mashuhuri juu ya jambo hili ulifanywa Sweden, ambako wagonjwa 255 wenye glakoma changa waliingizwa katika utafiti baina ya mwaka 1993 na 1997. Baadhi yao walitibiwa mara moja, na wengine waliangaliwa kwa karibu bila ya dawa hadi hali ilipobadilika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha kwamba wasiotibiwa walipoteza kwa wastani desibeli 1.08 kwa mwaka. Lakini wastani huo ulificha tofauti kubwa. Waliokuwa na nguvu ya kawaida ya jicho walipoteza desibeli 0.36 kwa mwaka. Waliokuwa na nguvu ya juu walipoteza 1.31. Na wale ambao ndani ya jicho lao mlikuwa na vumbi jeupe mfano wa unga, ambayo ni aina maalumu ya maradhi haya, walipoteza 3.13.

Uchunguzi mwengine ulifanywa katika kisiwa cha St Lucia, bahari ya Karibi, ambacho wakaazi wake wengi ni wenye asili ya Afrika. Watu waliokuwa na glakoma au waliodhaniwa kuwa nayo, na ambao hawakutibiwa, walipimwa tena baada ya miaka 10. Zaidi ya nusu ya macho yaliyopimwa yalikuwa yamezidi kuharibika.

HESABU YA MIAKA

Ili wasomaji wapate picha kamili, na ichukuliwe mfano wa kufikirika wa dereva wa lori la mbatata baina ya Makambako na Dar es Salaam. Ana umri wa miaka 48. Amepimwa kwa mara ya kwanza na jicho lake lina upungufu wa desibeli 6. Limebakiwa na desibeli 16 kabla ya kufika 22.

Ikiwa anapoteza desibeli 1 kila mwaka, jicho hilo litafika ukingoni baada ya miaka 16, akiwa na umri wa miaka 64. Ikiwa anapoteza 2 kila mwaka, litafika baada ya miaka 8, akiwa na miaka 56, na watoto wake pengine wangali skuli. Ikiwa dawa itaupunguza mwendo huo ukawa nusu desibeli kwa mwaka, atahitaji miaka 32, yaani mpaka umri wa miaka 80. Na lau angelikuja hospitali akiwa tayari na upungufu wa desibeli 16, basi kwa mwendo wa 2 kila mwaka angelikuwa amebakiwa na miaka 3 tu.

Hesabu hii ni ya kuelewesha, si ya kumtabiria mtu. Glakoma haitembei kwa hatua zilizo sawa, na macho mawili ya mtu mmoja huweza kwenda kwa mwendo mbalimbali. Lakini inadhihirisha mambo mawili yanayoamua hatima ya mgonjwa: kasi ya maradhi, na hali aliyokuwa nayo siku alipogunduliwa. La kwanza daktari anaweza kulipunguza. La pili liko mikononi mwa mwananchi mwenyewe.

KWA NINI MGONJWA HAJUI

Watu wengi hudhani kwamba anayepofuka huona giza likiingia. Katika glakoma haiwi hivyo. Sehemu za pembeni ndizo zinazoanza kupotea, na ubongo huziba mapengo hayo kwa kukisia kilicho karibu. Jicho moja likipoteza kipande, jengine hukijazia. Mgonjwa haoni weusi wowote. Anachokiona ni kwamba kitu kimemtokea ghafla kutoka ubavuni.

Kwa sababu hiyo, mwenye glakoma iliyokwisha kwenda mbali anaweza kusimama mbele ya chati ya ukutani akasoma herufi zote mpaka mstari wa chini. Chati hupima sehemu ya katikati tu, na katikati ndiyo huondoka mwisho. Dereva wa mfano wetu anaweza kukiona vizuri kibao cha barabarani kilicho mbele yake na asimwone mtoto anayetoka pembeni mwa barabara, au pikipiki inayompita ubavuni katika ukungu wa asubuhi. Hatari hiyo ni yake, ya abiria, na ya kila atumiaye barabara.

Dalili zinazoonekana nyumbani huja kwa kuchelewa. Mtu hujigonga kwenye mlango, hukosa ngazi ya mwisho, huhitaji taa kubwa kuliko wenziwe, au hulaumiwa kwa kutoitikia salamu ya aliyepita kando yake, akaambiwa ana kiburi. Anayefika hospitali kwa dalili hizi amekwisha kupoteza sehemu kubwa.

HALI ILIVYO TANZANIA

Uchunguzi wa glakoma uliofanywa katika vijiji vya Wilaya ya Kongwa, Mkoa wa Dodoma, na kuchapishwa mwaka 2000, uliwapima watu 3,268 wenye umri wa miaka 40 na zaidi. Ilionekana kwamba asilimia 4.16 walikuwa na glakoma, yaani wanne katika kila mia moja. Waliokuwa na ile aina ya polepole peke yake walikuwa asilimia 3.1. Kongwa si Njombe wala si Unguja, lakini idadi hiyo inatosha kuonyesha kwamba haya si maradhi ya nadra. Katika ofisi yenye watumishi 100 waliovuka umri huo, si ajabu kuwamo watatu au wanne.

Maradhi haya hufuata damu. Uchunguzi uliofanywa mjini Rotterdam, Uholanzi, na kutolewa mwaka 1998 ulionyesha kwamba ndugu na watoto wa wenye glakoma hukabiliwa na uwezekano wa kuipata unaokaribia mara 9 ya watu wengine. Kwa hiyo mgonjwa mmoja anapogunduliwa, habari hiyo si yake peke yake. Ni habari ya kaka zake, dada zake na wanawe.

DAWA, LEZA NA UPASUAJI

Matibabu yote ya glakoma yana lengo moja, nalo ni kuteremsha nguvu ya ndani ya jicho. Katika ule uchunguzi wa Sweden, kwa muda wa miaka 6 hivi, maradhi yalisogea kwa asilimia 62 ya wasiotibiwa na kwa asilimia 45 ya waliotibiwa, na kila milimita 1 ya zebaki iliyoteremshwa ilipunguza hatari kwa kiasi cha asilimia 10. Uchunguzi wa Uingereza uliotolewa mwaka 2015 uliwagawa wagonjwa 516 baina ya dawa ya matone ya latanoprosti na matone yasiyo na dawa. Baada ya miaka 2, uwanja wa kuona ulikuwa umepungua kwa asilimia 25.6 ya waliopewa matone matupu, na kwa asilimia 15.2 ya waliopewa dawa. Tiba inapunguza mwendo. Haiahidi kwamba kila jicho litasimama pale pale, na ndiyo maana kupimwa kunaendelea hata kwa anayetumia dawa vizuri.

Dawa ya matone inayotumika sana nchini ni timololi, kwa sababu bei yake ni nafuu. Lakini haimfai kila mtu. Mwenye pumu au mwenye moyo unaopiga polepole anaweza kudhurika nayo, kwa hiyo ni lazima amweleze daktari kabla ya kupewa. Haifai kabisa mtu kumpa jirani dawa yake kwa kuwa wote wana presha ya macho.

Ugumu wa matone ni kuendelea nayo. Hayaleti nafuu inayohisiwa. Mara nyingine huwasha. Mgonjwa anayetia dawa mwaka mzima haoni tofauti yoyote, na anayeiacha mwezi mmoja naye haoni tofauti, akadhani amepona. Kwa kulizingatia hilo, Hospitali ya KCMC iliyopo Moshi ilifanya uchunguzi ulioanza mwaka 2015, ukihusu wagonjwa 201, kulinganisha timololi na tiba ya leza inayofungua kichujio cha maji. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2021 yalionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja tiba ilifaulu katika asilimia 61 ya macho yaliyopigwa leza, na asilimia 31 ya yaliyotiwa timololi. Leza hufanywa kwa dakika chache na mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo, ingawa wengine huhitaji kurudiwa. Uchunguzi huu ni wa fahari kwa Tanzania, kwani umefanywa kwa wagonjwa wa hapa na kwa mazingira ya hapa.

Pale ambapo dawa na leza hazitoshi, daktari hupasua na kuweka njia mpya ya maji. Mgonjwa aelezwe mapema kwamba upasuaji huo haumwongezei nuru. Wapo waliopasuliwa wakategemea kuona vizuri zaidi kama jirani yao aliyetolewa mtoto wa jicho, wakavunjika moyo na kuacha kliniki. Upasuaji wa glakoma hulinda, haurejeshi.

MATONE NA MWEZI WA RAMADHANI

Baadhi ya wagonjwa Waislamu huacha matone mwezi mzima wa Ramadhani kwa kuhofia funga zao. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha mwaka 1997 mjini Jedda, liliyataja matone ya macho miongoni mwa vitu visivyobatilisha funga, maadamu mtu hakumeza kinachofika kooni. Anayetaka kujitenga na shaka anaweza kumuuliza daktari juu ya kupanga saa: dawa ya mara moja kwa siku hutiwa usiku, na ya mara mbili huweza kutiwa wakati wa daku na baada ya futari. Aidha, kukibana kwa kidole kipembe cha ndani cha jicho, upande wa pua, kwa dakika moja au mbili baada ya kutia dawa, huizuia isishuke kooni na huiongezea manufaa. Mwenye wasiwasi amwendee shekhe wake na daktari wake, lakini asiache dawa kimya kimya.

MSAFIRI NA DAWA ZAKE

Mwananchi anayetoka Visiwani kwenda Njombe au Makambako kwa miezi kadhaa, awe mfanyabiashara au mtumishi, asisafiri bila ya mambo matatu: dawa ya kutosha, cheti chake, na daftari la kliniki lenye vipimo vya nyuma. Daktari wa Mbeya hawezi kujua kama jicho limesogea ikiwa hana cha kulinganisha nacho. Kipimo kimoja humwonyesha mgonjwa yuko wapi. Vipimo kadhaa vilivyopangwa kwa tarehe ndivyo vinavyoonyesha anakwenda kwa kasi gani. Daftari likipotea, hesabu huanza upya, na maradhi hayamsubiri.

Chupa ya dawa isiachwe juani wala mbele ya kioo cha gari, ambako joto huiharibu. Latanoprosti ambayo haijafunguliwa kwa kawaida huhifadhiwa kwenye baridi. Chupa ikishafunguliwa, itumike kwa muda usiozidi wiki 4, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe juu yake.

YANAYOPENDEKEZWA

Kwa muhtasari, watumishi wa Serikali na wananchi wote wanashauriwa yafuatayo:

1. Kila aliyefikia umri wa miaka 40 apimwe macho na mtaalamu, hata kama anaona vizuri. Aombe aangaliwe nguvu ya jicho na mshipa wa nyuma, si kusoma chati tu.

2. Anayehitaji miwani ya kusomea asiishie kuinunua sokoni au kituo cha mabasi. Safari ya kutafuta miwani ndiyo nafasi bora ya kugundua glakoma mapema.

3. Mwenye mzazi, kaka au dada mwenye glakoma apimwe mapema zaidi na mara kwa mara. Mgonjwa naye asiwafiche jamaa zake maradhi yake.

4. Asitumie mtu dawa ya macho yenye steroidi bila ya amri ya daktari, wala dawa ya mitishamba ndani ya jicho.

5. Aliyepewa matone asiyaache kwa kuona hana maumivu. Yakimshinda kwa bei au kwa madhara, arudi kusema, apewe njia nyengine.

6. Dereva aliyeambiwa ana glakoma amuulize daktari waziwazi kama uwanja wake wa kuona unamruhusu kuendesha gari.

7. Wakuu wa idara na maofisi wanaombwa kuwapa ruhusa kwa wepesi watumishi wenye siku ya kliniki. Nusu siku ya kazi inayopotea leo ni ndogo kuliko mtumishi anayestaafu kabla ya wakati wake kwa upofu.

Huduma za macho zinapatikana katika Hospitali ya Mnazi Mmoja mjini Unguja, na anayeishi mbali anaweza kuanzia katika kituo cha afya kilicho karibu naye ili apewe maelekezo. Kwa walioko Njombe na Makambako, waanzie hospitali za huko, na inapobidi wapelekwe Mbeya.

Wahenga wamesema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika glakoma ukuta ulioanguka haujengeki tena. Wananchi wanaombwa kuuziba ufa mapema, na kila atakayeyasoma maelezo haya awasomee na wazee wa nyumbani ambao macho yao hayawaruhusu tena kusoma.